Nani Aliyeasi? Kampeni za Kijeshi Dhidi ya Wafuasi wa Nyabingi katika Mpaka wa Kigezi, 1911–1919

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kampeni za kijeshi zilizoendeshwa na dola za kikoloni dhidi ya wafuasi wa Nyabingi katika mpaka wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kati ya mwaka 1911 na 1919. Hoja kuu ni kwamba neno "uasi", linalotumika sana kuyaeleza matukio hayo, hutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kuasi ni kuvunja utii uliokwisha kuwepo. Mwaka 1911 utii huo haukuwepo Kigezi. Kilichokuwepo ni mstari wa mpaka uliochorwa Ulaya na ambao ulikuwa bado unatafutiwa watu wa kuutii. Kwa kulinganisha na kampeni ya Uingereza dhidi ya Wapashtuni wa Tirah mwaka 1897 na maasi ya askari wa Kisudani nchini Uganda mwaka huohuo, makala yanaonyesha kuwa vita vya mpakani aghalabu humtangulia mwasi. Mwishoni yanapendekeza istilahi zinazoweza kutumiwa na waandishi wa historia kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1911 mwanamke aitwaye Muhumuza alifikishwa Mbarara akiwa mateka na mwenye jeraha la risasi mguuni. Kutoka Mbarara alipelekwa Kampala, akakaa huko chini ya uangalizi wa serikali mpaka alipofariki mwaka 1945. Kwa miaka 34 hakuruhusiwa kurudi katika milima alikokamatwa. Utawala uliomshikilia ulimhesabu kuwa kiongozi wa uasi, na tangu wakati huo vitabu vingi vimelirithi neno hilo bila kulihoji.

Kuna sababu mbili za kulihoji sasa. Ya kwanza ni ya kitaaluma. Historia ya Nyabingi imeandikwa zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa, na kila inapoletwa katika Kiswahili, istilahi zake huletwa pamoja na mizigo yake. Ya pili inahusu watu walio hai. Kusini-mashariki mwa Mbarara, wilayani Isingiro, kuna mji mdogo wa Rwekubo na makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanzishwa mwaka 1958. Humo wanaishi watu kutoka Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni, shuleni na katika foleni za mgao. Wengi miongoni mwao wameyahama maeneo yaliyogawanywa na mpaka uleule uliowekwa mwaka 1910 na 1911. Kwao, swali la nani alikuwa raia wa wapi na nani alikuwa mwasi dhidi ya nani halijafungwa.

2.0 Neno "uasi" na mantiki yake

Katika Kiswahili kitenzi kuasi hakisimami peke yake. Mtoto huasi wazazi, mja humwasi Mola wake, askari humwasi mkuu wake. Katika kila mfano kuna mamlaka iliyotangulia na wajibu uliokubaliwa au kurithiwa. Mgeni anayekataa amri ya mtu asiyemjua hajaasi, amekataa tu. Tofauti hii ndogo ina uzito mkubwa katika historia ya ukoloni, kwa kuwa anayeitwa mwasi huonekana kuwa na deni la utii, na anayemwadhibu huonekana kuwa anadai haki yake.

Mwaka 1897 unatupa mizani nzuri ya kulipima neno hili. Katika Uganda, Septemba mwaka huo, askari wa Kisudani waliokuwa wameajiriwa na serikali ya Himaya ya Uingereza waligoma kuendelea na safari ya Meja Macdonald. Walilalamikia mishahara midogo iliyocheleweshwa na safari za vita zisizokwisha. Tarehe 19 Oktoba 1897 walipigana na maafisa wao katika kilima cha Lubwa, Busoga. Hawa walikuwa wameandikishwa jeshini, wamepewa bunduki na kuahidiwa ujira. Malalamiko yao yalikuwa na msingi, lakini kitendo chao kinastahili kuitwa maasi: palikuwa na mkataba, na mkataba ulivunjika.

Tarehe 20 Oktoba 1897, siku iliyofuata, jeshi la Uingereza lilipigana vita vikali katika miinuko ya Dargai, kaskazini-magharibi mwa India. Adui walikuwa Wapashtuni wa makabila ya Afridi na Orakzai, nao pia waliitwa waasi. Mwaka 1893 mstari wa Durand ulikuwa umechorwa kati ya Afghanistan na India ya Waingereza, ukawagawanya Wapashtuni pande mbili. Makabila ya milimani yaliwekwa upande wa Uingereza katika ramani, lakini hayakuwa chini ya mahakama zake wala hayakulipa kodi yake. Ni kweli kwamba baadhi ya Waafridi walikuwa wamekubali kulipwa ili wailinde njia ya Khyber, na serikali ilishika hoja hiyo kudai kuwa wamevunja ahadi. Hata hivyo, makubaliano ya kulinda njia si sawa na kukubali kutawaliwa. Msafara wa Jenerali William Lockhart uliingia bonde la Tirah, ukachoma nyumba, ukabomoa minara ya ulinzi, ukachukua akiba ya chakula cha majira ya baridi, kisha ukadai faini ya fedha na bunduki kutoka kwa kabila zima. Msafara ulipoondoka, Tirah haikuwa imepata mahakama, shule wala mkuu wa wilaya. Ilikuwa imepata adhabu.

Matukio haya mawili yalipishana kwa siku moja, yakaitwa kwa jina moja, lakini hayafanani. La kwanza ni kuvunja utii. La pili ni kukataa utii ambao haujawahi kutolewa. Swali la makala haya ni hili: Kigezi ya mwaka 1911 ilikuwa upande gani wa tofauti hiyo?

3.0 Mstari uliomtangulia mwasi, 1890–1911

Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulitenganisha maeneo ya dola hizo magharibi mwa Ziwa Viktoria kwa kufuata latitudo ya nyuzi 1 kusini, mpaka kwenye eneo la Kongo. Mkataba uliongeza sharti la ajabu: ikiwa mlima Mfumbiro utaonekana kuwa kusini mwa mstari huo, mpaka uuzunguke ili mlima ubaki kwa Waingereza. Waliotia saini hawakuwa wameuona mlima huo wala hawakujua kwa hakika ulipo. Baadaye ilibainika kuwa si mlima mmoja, bali ni safu ya volkano.

Kwa miaka 20 eneo hilo lilidaiwa na Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji kwa pamoja. Mwaka 1909 Uingereza ilituma ujumbe wa Kivu ukiongozwa na J. M. Coote, na majeshi madogo ya dola hizo yakakaribia kupigana. Mgogoro ulitatuliwa katika mkutano wa Brussels uliomalizika Mei 1910. Mwaka 1911 tume ya mipaka ilitembea milimani ikisimika alama. Bufumbira, ambayo watu wake walizungumza Kinyarwanda na ambayo wafalme wa Rwanda waliihesabu kuwa yao, ikawekwa Uganda. Rutshuru ikabaki Kongo. Ndorwa ikakatwa.

Watu waliokatwa na mstari huo hawakuwa na sauti Brussels. Wakiga, walio wengi katika milima ya Kigezi, hawakuwa na mfalme. Waliishi kwa koo, kila ukoo ukilinda kilima chake na kulipiza damu yake. Walikuwa wamezoea kuzuia mashambulizi kutoka ufalme wa Rwanda na kutoka kwa makundi ya wapiganaji wa Kitwa. Juu ya koo hizo palikuwa na nguvu moja iliyovuka mipaka ya ukoo: Nyabingi, roho ya mwanamke ambaye masimulizi mengi humhusisha na utawala wa kale wa Ndorwa. Wasemaji wake, waliojulikana kama abagirwa, walipokea sadaka za mifugo, pombe na mazao kutoka kwa watu waliotafuta uzazi, afya na kinga dhidi ya maafa. Steven Feierman (1995) ameonya kwamba tukiitazama Nyabingi kama siasa tu, tunaifuta kazi yake ya uponyaji. Onyo hilo ni la haki. Mgirwa alisikilizwa katika vita kwa sababu alikuwa tayari anasikilizwa katika ugonjwa.

Upande wa pili wa eneo hili palikuwa na Mbarara. Ankole ilikuwa na mfalme, machifu na mkataba na Waingereza wa mwaka 1901. Ilikuwa pia imeonja namna serikali inavyoadhibu watu kwa pamoja. Mei 1905 Harry Galt, aliyekuwa akikaimu uongozi wa jimbo, aliuawa kwa mkuki huko Ibanda. Serikali ilisimamisha mkataba wa Ankole na kuwatoza watu faini, na mkataba haukurudishwa mpaka mwaka 1912. Kwa hiyo Mbarara iliyotuma askari Kigezi mwaka 1911 ilikuwa kituo kilichokwisha kujifunza kumtafuta mkosaji mmoja kwa kuadhibu jamii nzima.

4.0 Ihanga, Septemba 1911

Muhumuza alidai kuwa mjane wa Kigeli IV Rwabugiri, mfalme wa Rwanda aliyefariki mwaka 1895, na kwamba mwanawe Ndungutse ndiye mrithi halali wa kiti kilichokaliwa na Yuhi Musinga. Wajerumani, waliomuunga mkono Musinga, walimkamata na kumweka Bukoba. Alipoachiwa alielekea kaskazini, akavuka na kuingia milima ya Kigezi akiwa mgirwa wa Nyabingi. Aliahidi kuipata ngoma ya kifalme, Kalinga, katika pango la Ihanga. Aliwaambia wafuasi wake kwamba risasi za Wazungu zitageuka maji.

Shabaha yake ya kwanza haikuwa Uingereza bali kiti cha Rwanda. Ndani ya Kigezi alidai utii kutoka kwa koo za Wakiga na kuzishambulia zilizomkatalia. Baadhi ya viongozi waliotishwa naye waliona heri kutafuta msaada wa Waingereza. Kwa hiyo si sahihi kumchora kama mama wa taifa lililoungana. Wapo Wakiga waliomfuata, wapo waliomwogopa, na wapo waliongoja kuona upepo utavuma upande gani.

Mwishoni mwa Septemba 1911 kikosi kikiongozwa na Kapteni Reid kilishambulia ngome yake, kikisaidiwa na mawakala wa Kiganda, akiwemo Yoana Ssebalijja, ambaye baadaye aliacha kumbukumbu za kazi yake. Mapigano hayakuchukua muda mrefu. Mikuki na mishale ilikabiliana na bunduki; wafuasi wengi waliuawa, Muhumuza akajeruhiwa na kukamatwa.

Tukilipima tukio hili kwa mizani ya sehemu ya pili, neno uasi linakosa mguu wa kusimamia. Tume ya mipaka ilikuwa ndiyo kwanza inasimika alama. Utawala wa wilaya ulikuwa haujakaa. Wafuasi wa Muhumuza walio wengi hawakuwa wamelipa kodi kwa Waingereza, hawakuwa wameapa mbele yao, na hawakuwa wamehukumiwa na mahakama yao yoyote. Kampeni ya Ihanga haikurejesha utii uliovunjwa. Ilikuwa ndiyo njia ya kuutangaza. Watu wa milimani waliufahamu mpaka mpya kwa mara ya kwanza pale askari walipovuka bonde na kumchukua mwanamke aliyesema kwamba upo mpaka mwingine.

5.0 Kutoka kukataa hadi kuasi, 1912–1919

Upande wa Rwanda, Ndungutse aliendeleza madai ya kiti. Aprili 1912 jeshi la Wajerumani chini ya Luteni Gudowius liliingia kaskazini mwa Rwanda, likachoma makazi na kuwaua watu wengi. Wajerumani walitangaza kwamba Ndungutse ameuawa. Wafuasi wake hawakuamini wote. Basebya, kiongozi wa wapiganaji wa Kitwa, aliuawa mwaka huohuo. Hivyo ndani ya miezi isiyofika minane, dola mbili zilifanya kampeni mbili dhidi ya harakati moja, kila moja ikipiga upande wake wa mstari. Hakuna aliyemwambia mkulima wa Ndorwa kwamba jirani aliyezika naye wafu wake sasa ni mgeni.

Nchini Uganda serikali ilianza kutawala kwa mikono ya mawakala kutoka Buganda. Walikusanya kodi, walisimamia kazi za lazima za barabara na majengo, walihukumu kesi, na Kiganda kikawa lugha ya ofisi. Sheria dhidi ya uchawi ya mwaka 1912 iliwapa maafisa uwezo wa kuwafunga abagirwa. Uponyaji, sala na upinzani vikawekwa katika kapu moja la jinai. Vita Kuu ilipofika mwaka 1914, mpaka uligeuka kuwa uwanja wa mapigano. Nyindo, mtawala wa Bufumbira na ndugu wa Musinga kwa baba, aliegemea upande wa Wajerumani. Naye Ntokibiri, ambaye jina lake linataja mkono uliobaki na vidole viwili, aliibuka kuwa kiongozi mashuhuri wa wapiganaji wa Nyabingi akivuka huku na huku kati ya Kongo na Uganda. Mpaka uliochorwa ili kuwazuia watu ukawa kinga yake: Wabelgiji walipomfukuza aliingia Uganda, na Waingereza walipomkaribia alirudi Kongo.

Ni katika kipindi hicho, mwaka 1916, vikosi vya Kihindi vilivyokuwa na Wapashtuni, kikiwemo kikosi cha 40 kilichobeba jina la Pathans, vilipoletwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani. Vijana wa mpaka mmoja waliletwa kuilinda mipaka ya wengine. Himaya ilikuwa imejifunza kumwajiri aliyekuwa ikimwadhibu.

Agosti 1917 watu wa Nyakishenyi walishambulia kituo cha wakala wa Kiganda. Waliwaua watu wengi waliohusishwa na utawala, wakachoma mahakama, kanisa na msikiti. Jibu la serikali lilikuwa kali. Hapa mizani inabadilika. Mwaka 1917 Nyakishenyi ilikuwa na mahakama, ilikuwa na daftari la kodi na ilikuwa na wakala aliyetambuliwa. Waliochukua mikuki walikuwa wameishi chini ya utawala huo kwa miaka kadhaa, wakaujua, na wakaamua kuuondoa. Huu tunaweza kuuita uasi bila kulipotosha neno, na kuuita hivyo si kuulaani. Kuasi utawala wa kazi za lazima ni kitendo chenye sababu zake. Ila haki hiyohiyo inatudai tukumbuke kwamba miongoni mwa waliouawa walikuwemo watu wa kawaida, wake na watumishi, ambao kosa lao lilikuwa kuishi karibu na boma.

Katikati ya mwaka 1919 Ntokibiri aliuawa. Kondoo mweupe aliyekuwa ishara takatifu ya Nyabingi alichomwa Kabale mbele ya machifu waliokusanywa washuhudie. Kitendo hicho kinaeleza mengi kuhusu kampeni nzima. Serikali iliyosema inapambana na wahalifu iliona haja ya kufanya kafara yake yenyewe. Iligundua kwamba haitoshi kumshinda mpiganaji. Ilibidi pia ionekane kuishinda roho iliyompa ujasiri. Hata hivyo mafanikio hayo hayakuwa kamili. Katika miaka ya 1920 mawakala wa Kiganda waliondolewa hatua kwa hatua na nafasi zao kupewa wenyeji, jambo ambalo watu wa Nyakishenyi walikuwa wamelidai kwa mikuki. Mwaka 1928 serikali ilijikuta ikikabiliana tena na mkusanyiko wa wafuasi wa Nyabingi.

6.0 Majina ambayo watu walijipa

Historia ya Afrika Mashariki ina mifano ya watu waliotaja matendo yao wenyewe. Mwaka 1907 machifu na watu wa Bunyoro waligomea mawakala wa Kiganda, na tukio hilo likabaki na jina la Nyangire, yaani "nimekataa". Jina hilo halikuchukuliwa katika ripoti ya mkuu wa wilaya. Lilitoka mdomoni mwa aliyekataa. Kusini, mapambano ya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani yanaitwa kwa Kiswahili Vita vya Majimaji. Maafisa wa Kijerumani waliandika kuhusu uasi. Kiswahili kimehifadhi vita. Neno vita linakubali kuwepo kwa pande mbili, kila moja ikiwa na sababu. Tena ahadi ya maji iliyotolewa na Kinjikitile Ngwale inakaribiana mno na ile ya Muhumuza, lakini mmoja huandikwa kama kiongozi wa vita na mwingine kama kiongozi wa uasi wa kidini. Tofauti hiyo haitokani na walichokifanya. Inatokana na lugha iliyotangulia kusimulia.

Ni vyema pia kukiri kwamba Kiswahili chenyewe hakikuwa shahidi asiye na upande. Kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la KAR na miongoni mwa askari wa Wajerumani, na Wakiga wengi walikisikia kwanza kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Kutilia shaka Kiswahili kulikodumu katika sehemu za Uganda kuna mizizi yake, kwa kiasi fulani, katika kumbukumbu za namna hiyo. Lugha iliyotumika kutoa amri ya kuchoma nyumba ina wajibu wa kusimulia kwa uangalifu habari za waliochomewa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika mpaka wa Kigezi mstari ulitangulia, kampeni ikafuata, na mwasi akapatikana mwisho. Kwa msingi huo tunapendekeza kwamba matukio ya mwaka 1911 na 1912 yaitwe upinzani au vita, na jibu la serikali liitwe msafara wa adhabu, kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa. Neno uasi litunzwe kwa matukio kama ya Lubwa mwaka 1897 na Nyakishenyi mwaka 1917, ambapo utawala uliokwisha kukaa ulipingwa na waliokuwa ndani yake. Utengano huu hautamfanya Muhumuza kuwa mtakatifu, wala hautawatakasa waliochoma msikiti na kanisa. Utamwezesha msomaji kuuliza swali la kwanza kabla ya la pili: palikuwa na utii gani, na nani aliutoa?

Swali hilo halijazeeka. Watoto wanaosoma Rwekubo na Nakivale leo wanatoka katika familia ambazo vizazi vyake vimewahi kuambiwa na ofisi moja kuwa ni Wanyarwanda, na nyingine kuwa ni Wakongomani, na ya tatu kuwa si wa popote. Mabishano ya uraia mashariki mwa Kongo yanaendelea kuhoji uaminifu wa watu kwa mistari ambayo mababu zao hawakuulizwa. Anayefundisha historia ya eneo hili kwa Kiswahili anafundisha, kwa maneno anayoyachagua, namna mtoto huyo atakavyojielewa: ama kama mzao wa waasi, ama kama mzao wa watu waliokuwepo kabla ya mpaka kufika.